Pikipiki ya mzee kutoka Lushoto: kabla ya kuchonga silinda, tafuta hewa inakoingilia

Swali: Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Yamaha DT125 ya miaka ya 1970, ile ya pointi (vipande viwili vya chuma vinavyokata umeme ili cheche itoke), aliyoitumia miaka mingi alipokuwa bwana shamba Lushoto. Pampu ya oili iliondolewa zamani, kwa hiyo tunachanganya oili kwenye petroli. Mwezi uliopita niliiendesha mwenyewe kutoka Lushoto hadi nyumbani Raskazone, Tanga. Tangu ifike inawaka vizuri ikiwa baridi, lakini nikiachia mafuta silensa (mwendo wa injini ikiwa haijapewa mafuta) inabaki juu, na nikienda kama kilomita 20 inapoteza nguvu na kuzima. Nikisubiri nusu saa inawaka tena. Fundi wa mtaani alibadilisha plagi, kisha akaniambia niongeze oili mara mbili. Sasa inatoa moshi mwingi na bado inazima. Anasema silinda imekwisha, ichongwe, yaani itanuliwe na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Je, nichonge?

Jibu: Marahaba, kijana wangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee.

Usichonge silinda bado. Huenda zamu yake ikafika, na huko mbele nitakueleza utajuaje, lakini dalili ulizozitaja, hasa hiyo ya silensa kubaki juu baada ya kuachia mafuta, ni za injini inayovuta hewa nyingi kuliko petroli inayopewa. Ukichonga silinda na kuweka pistoni mpya huku hewa ya wizi ikiendelea kuingia, pistoni mpya itakwaruzika kama ile ya zamani, na pengine mapema zaidi, kwa sababu itakuwa bado imebana. Jambo hili linaniuma hadi leo. Miaka mingi iliyopita nililetewa hapa Ngamiani pikipiki ya mnyapara wa shamba la mkonge, nikaichonga mara mbili, kwanza milimita 0.25 kisha 0.50, kwa fedha za mwenye pikipiki, ndipo nikafungua flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenki) na kukuta sili ya krenki upande wa kushoto, yaani mpira wa kuziba hewa kwenye mhimili unaozungushwa na pistoni, imekauka na kuwa ngumu kama kifuu. Silinda haikuwa na kosa lolote mara zote mbili. Tangu siku hiyo sichongi injini ya mipigo miwili, kama hii yako, kabla ya kuipima upepo.

Ili uelewe kwa nini, ni lazima ujue injini hii inavyopumua. Katika mpangilio uliobuniwa na Joseph Day wa mji wa Bath, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, chumba cha krenki chenyewe ndicho pampu. Pistoni inapopanda, chini yake panabaki ombwe linalovuta mchanganyiko wa hewa, petroli na oili kutoka kwenye kabureta; inaposhuka, inausukuma mchanganyiko huo upite kwenye njia za pembeni mwa silinda na kutokea juu ya pistoni, ambako unabanwa na kuwashwa. Kwa hiyo chumba cha krenki hakina budi kuziba kabisa, kama mpira wa baiskeli. Mafundi wengi vijana wamejifunzia kwenye pikipiki za bodaboda za mipigo minne, na humo sili ikichoka unaona oili chini, sakafuni. Katika injini yako sili ya kushoto ikichoka huoni kitu. Haivuji kwenda nje, bali inanyonya hewa kwenda ndani, na hewa hiyo haikupita kwenye kabureta, kwa hiyo haina petroli wala oili. Mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, pistoni inatanuka mpaka inaukamata ukuta wa silinda, injini inazima. Ikipoa nusu saa, pistoni inasinyaa, na injini inawaka kama vile hakuna kilichotokea.

Sasa tazama mambo matatu katika maelezo yako mwenyewe ambayo yote yanaisukuma injini upande huo huo wa ukavu.

La kwanza ni mwinuko. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya hapa pwani. Kabureta haijui mwinuko. Jeti (kijiskrubu chenye tundu la kupimia petroli) ile ile iliyo sawa pwani inatoa petroli nyingi mno milimani, na fundi mwangalifu wa Lushoto huweka jeti ndogo ili injini isikohoe. Ikiwa aliyekuwa akimhudumia mzee alifanya hivyo, basi alifanya sawasawa kabisa kwa Lushoto, nawe umeshuka na jeti hiyo mpaka Raskazone, mahali ambapo hewa ni nzito na inadai petroli zaidi. Lifungue bakuli la kabureta, itoe jeti kubwa, usome namba iliyopigwa chapa juu yake, kisha uilinganishe na namba ya kitabu cha pikipiki. Ukikuta ndogo, umeshapata sehemu ya jibu kwa kazi ya dakika kumi.

La pili ni hiyo oili iliyoongezwa mara mbili. Ushauri huo unatolewa kila siku, na kwa nia njema, lakini katika hali yako umeongeza tatizo. Ukichanganya mililita 40 za oili kwa lita moja ya petroli, yaani moja kwa 25, kila tone linalopita kwenye jeti lina petroli asilimia 96. Ukiweka mililita 80, petroli inashuka hadi karibu asilimia 92.5, na tena mchanganyiko unakuwa mzito, unapita polepole kwenye kitundu kile kile. Oili imeongezeka, petroli imepungua, hewa imebaki vilevile: injini imekuwa kavu zaidi. Moshi unaouona sasa ni wa oili hiyo, na masizi yake yanakwenda kukaa kwenye mlango wa eksozi. Rudi kwenye mililita 40 kwa lita, upimie kwa chombo chenye alama, usikisie kwa kifuniko cha chupa, na utumie oili ya 2T, yaani ya mipigo miwili, yenye alama ya ubora ya JASO FC au FD. Usitumie kamwe oili ya injini ya mipigo minne, hata kama muuzaji atakuapia.

La tatu ni pampu iliyoondolewa. Yamaha walianza kutumia pampu yao ya oili, waliyoiita Autolube, mwaka 1964, na DT125 ilitoka kiwandani ikiwa nayo. Pampu inasukuma oili kupitia kijimrija chembamba hadi kwenye njia ya kuingizia mchanganyiko, kati ya kabureta na injini. Mtu anapoiondoa pampu, mara nyingi hukata mrija huo na kuukunja, au kuufunga kwa waya, au kuuchomeka kijiti. Baada ya miaka mrija unapasuka pale ulipokunjwa, na hapo unakuwa umeiachia injini tundu la kunyonyea hewa ambayo haikupita kwenye kabureta. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba pikipiki yako ingekuwa mbele yangu ningeanza kupapasa hapo kabla ya kugusa spana. Chuchu ulipochomekwa mrija huo izibwe kwa kifuniko cha mpira kinachohimili petroli na kikazwe kwa klipu.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la safari yenyewe. Kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ni kilomita 33 hivi za kuteremka, kona baada ya kona, na kwa desturi mtu huachia mafuta na kuiacha gia izuie mwendo. Kwa pikipiki ya mipigo minne hakuna ubaya. Kwa injini ya mipigo miwili iliyochanganywa oili kwenye tangi, ukifunga mafuta umefunga na oili, wakati krenki na pistoni bado vinazungushwa kwa kasi na gurudumu. Pampu ya zamani ingeendelea kutoa oili kidogo kwa sababu inaendeshwa na mzunguko wa injini. Bila pampu, dereva anapaswa kufungua mafuta kidogo kila baada ya muda mfupi, au kuvuta klachi na kutumia breki. Kama ulishuka ukiwa umefunga mafuta muda mrefu, inawezekana mikwaruzo ya kwanza ilipatikana huko mteremkoni, kabla hujafika barabara kuu.

Kwa hiyo usiendeshe tena mpaka ujue. Toa eksozi, ichungulie pistoni kwa tochi kupitia mlango wake huku ukisukuma kiki polepole kwa mkono. Ukiona sketi ya pistoni, yaani ubavu wake wa chini ya ringi, ni laini, yenye mistari hafifu ya kawaida, shukuru Mungu. Ukiona mikwaruzo mirefu upande wa eksozi peke yake, huo ndio upande wenye joto kali na ndiko ukavu na uhaba wa oili huonekana kwanza. Ukiona mikwaruzo minne kwenye pembe nne za pistoni, basi pistoni yote ilitanuka haraka kuliko silinda, dalili ya injini iliyosukumwa kabla haijapata joto, au pistoni iliyobanwa mno ilipochongwa. Soma pia rangi: aluminiamu iliyopakazwa ukutani mwa silinda inang'aa kama risasi iliyoyeyuka, na mara nyingi inatoka kwa uangalifu bila kuchonga.

Lakini je, ni kweli inakamata, au inazima kwa sababu nyingine? Injini inayozima ikiwa ya moto na kuwaka ikipoa ina washukiwa watatu, na wanatofautishwa ndani ya dakika ya kwanza baada ya kuzima, si baada ya nusu saa. Siku utakapoijaribu, iwe karibu na nyumbani. Ikizima, kwanza ibonyeze kiki kwa mkono: ikiwa ngumu kuliko kawaida, au inakwaruza, pistoni imekamata. Ikiwa laini, fungua kifuniko cha tangi na usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, kitundu cha kupumulia cha kifuniko kimeziba, petroli ilikuwa haishuki, na tatizo lako linatibiwa kwa pini. Ikiwa si hivyo, toa plagi, iweke kwenye kofia yake, igusishe chuma cha silinda mbali na tundu la plagi, upige kiki. Cheche ya buluu inayolia ni nzima. Cheche ya njano, hafifu, au isiyokuwepo, ambayo inarudi injini ikipoa, ni ya kondensa au koili, vile vifaa vya umeme vinavyotengeneza cheche, inayoshindwa na joto. Watu wengi wamechonga silinda kwa ajili ya kondensa.

Sasa tufike kwenye kipimo cha upepo, ambacho ndicho kiini cha jibu langu. Hakihitaji mtambo. Unahitaji kipande cha mpira wa tairi la ndani la baiskeli, ambacho Tanga hukikosi mtaa wowote, kibamba cha bati nene, kizibo cha mbao laini kilichochongwa kwa mwinamo na kutobolewa katikati, mrija mwembamba, na kipimo cha shinikizo la damu, kile cha kizamani chenye saa ya duara na kipira cha kubonyeza. Mlango wa eksozi uzibe kwa mpira na kile kibamba, ukaze kwa nati zilezile za eksozi. Toa kabureta, kizibo cha mbao kisukume kwenye mpira wa kabureta na ukikaze kwa klipu yake, mrija ukiwa umepita katikati na kuunganishwa na kipimo. Plagi ibaki mahali pake. Pistoni iteremshe hadi chini, ili njia za pembeni ziwe wazi na chumba cha krenki kiungane na silinda yote. Kisha bonyeza kipira taratibu mpaka saa isome karibu 300, ambayo ni sawa na karibu paundi 6 kwa inchi ya mraba. Usizidishe hapo, sili hazikuundwa kwa shinikizo kubwa, nawe utajitengenezea uvujaji ambao haukuwapo.

Ukimya wa dakika chache zinazofuata nauthamini kuliko mngurumo wa injini. Injini nzima, mshale wake unashuka kwa uvivu mno. Mimi huacha dakika sita. Ikiwa unapoteza zaidi ya alama 50 kwa dakika, kuna mahali panavuja, na hapo unachukua brashi ya kupakia rangi na maji ya sabuni ya kufulia, uanze kupaka: ukingo wa gasketi ya chini ya silinda, gasketi ya kichwa, mpira wa kabureta ambao kwa umri huu huwa na nyufa ndogo zinazofunguka unapoukunja, chuchu ya mrija wa oili niliyoitaja, na mshono wa nyumba mbili za krenki. Mpira wa kabureta uukague kwa jicho pia, maana ufa ulio chini ya klipu haupigi povu. Povu likichemka mahali, umefika. Ukiwa hujaona kitu, fungua kifuniko cha kushoto, toa flaiwili, na upake sabuni kuzunguka mhimili wa krenki unapotokea katikati ya sili. Pale ndipo nilipolikuta kosa la ile pikipiki ya mkonge: povu dogo, jeupe, likijaa na kupasuka kama chapati inayoiva.

Sili ya kulia haionekani, kwa sababu iko ndani, nyuma ya klachi, na ikivuja hewa inaingia kwenye giaboksi. Ipime kwa kufungua tundu la kujazia oili ya giaboksi na kutandaza povu zito juu yake; povu likivimba wakati injini ina shinikizo, jibu umelipata. Sili hiyo ikichoka ina dalili nyingine ambayo ni muhimu kwako wewe unayelalamikia moshi: injini huinyonya oili ya giaboksi na kuichoma, moshi unakuwa mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata joto, harufu yake inakuwa kali ya oili iliyoungua, plagi inalowa, na kiwango cha oili ya giaboksi kinashuka bila tone kuonekana chini. Kwa hiyo pima kiwango hicho leo, ukiandike, na ukipime tena baadaye. Ikiwa hakishuki, moshi wako ni wa ile oili ya ziada kwenye tangi tu.

Kubadilisha sili ya kushoto ni kazi ya saa mbili. Flaiwili itolewe kwa pula yake yenye uzi unaolingana, si kwa nyundo wala kwa kubenua na bisibisi mbili, maana ukiipiga unapindisha krenki, na krenki iliyopinda itakula sili mpya katika wiki chache. Iangalie vizuri ile kii ndogo ya nusu mwezi isipotee. Sili mpya ipakwe grisi kidogo mdomoni, upande wenye springi uelekee ndani kwenye chumba cha krenki, isukumwe kwa soketi yenye upana wake mpaka ikae sawa. Ya kulia inahitaji kutoa klachi na gia ya krenki. Zipo sili zenye ukingo ulioshikwa na mshono wa nyumba za krenki, na hizo haziwezi kutoka bila kuigawa injini, kwa hiyo zitazame kwanza zilivyokaa kabla ya kuanza kuchokonoa. Nakushauri ubadilishe zote mbili kwa mkupuo. Mpira uliokauka kushoto una umri uleule kulia.

Kwa kuwa flaiwili imekwisha kutoka, shughulikia pointi papo hapo. Wewe unaishi Raskazone, na upepo wa bahari wenye chumvi unaingia kila mahali; pointi zilizokaa bila kutumika huota utando wa kijivu, na waya wa ardhi huota kutu ya kijani kwenye skrubu yake. Zisafishe nyuso za pointi kwa jiwe laini au msasa mwembamba kabisa, kisha uzifute kwa karatasi safi, weka mwanya kati ya milimita 0.3 na 0.4, na ubadilishe kondensa bila kuijadili, kwani ni kitu cha bei ndogo chenye uwezo wa kukuzungusha mwezi mzima. Baada ya hapo panga wakati wa cheche. Kwa DT125 za pointi cheche hutakiwa pistoni ikiwa takriban milimita 1.8 kabla ya kufika juu kabisa, nawe thibitisha kwenye kitabu cha mwaka wa pikipiki yako. Pima kwa saa ya kupimia iliyoingizwa kwenye tundu la plagi. Ukifika kwenye alama, karatasi nyembamba ya sigara iliyobanwa kati ya pointi inapaswa kuanza kuteleza. Kumbuka kwamba mwanya na wakati vimefungwa pamoja: kisigino cha pointi kikilika, mwanya unapungua na cheche inachelewa, ukitanua mwanya, cheche inawahi. Cheche inayowahi ndiyo inayotoboa pistoni, na ukiiunganisha na mchanganyiko mkavu, haichukui muda mrefu kufanya hivyo.

Ni baada ya upepo na cheche kuwa sawa ndipo ninapogusa kabureta. Kijana wangu, nakusihi ufuate mpangilio huu, kwa sababu kabureta inaweza kurekebishwa mpaka ikaficha uvujaji, na injini ikaenda vizuri kwa wiki moja ikikudanganya. Isafishe kwanza. Ile iliyokaa muda mrefu huota unga mweupe ndani ya mwili wake, nao unga huo unaziba jeti ndogo ya silensa kabla ya kitu kingine. Usichokonoe jeti kwa waya wa chuma. Tumia kipande cha mshipi wa nailoni wa kuvulia, ambao ni laini kuliko shaba na hautaongeza tundu. Skrubu ya hewa ifunge polepole mpaka ikome, kisha ifungue zamu moja na nusu, na kutoka hapo urekebishe injini ikiwa ya moto. Katika kabureta hii ni hewa inayopita kwenye skrubu hiyo, kwa hiyo kuifungua ni kukausha, na kuifunga ni kuongeza utajiri wa petroli. Klipu ya sindano ianze kwenye mfuo wa katikati; ukiishusha klipu, sindano inapanda na petroli inaongezeka katika mwendo wa kati, ule unaoutumia zaidi mjini. Jeti kubwa inatawala kuanzia robo tatu ya mafuta hadi mwisho.

Jeti kubwa ihukumiwe barabarani. Weka plagi mpya yenye namba sahihi. Injini hii hutumia NGK B8ES, na kwa NGK namba kubwa ni plagi baridi zaidi, kwa hiyo ikiwa fundi alikuwekea 6 kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani, amekuongezea joto bila kujua. Mwanya wake uwe milimita 0.6 hadi 0.7. Asubuhi na mapema, barabara ya Pongwe ikiwa bado haina malori, ipashe injini joto taratibu, fungua mafuta yote kwenye gia ya juu kwa mwendo mfupi, kisha kwa wakati mmoja vuta klachi na uzime. Toa plagi palepale. Kahawia ya korosho iliyokaangwa ni nzuri. Nyeupe au kijivu chenye chembe zinazong'aa ni onyo la kusimama hapohapo, kwa sababu chembe hizo ni aluminiamu ya pistoni yako. Nyeusi yenye unyevu ni petroli nyingi, na hiyo haina hatari. Anza daima na jeti kubwa kuliko unayodhani inatosha, ushuke hatua kwa hatua.

Na silinda? Ipime baada ya haya yote, kwa sababu sasa kipimo chake kitakuwa na maana. Pistoni ya ukubwa huu, milimita 56, huhitaji nafasi ya takriban sehemu nne hadi tano za mia za milimita kati yake na ukuta. Nafasi ikifika sehemu kumi za mia, au silinda ikiwa imelika zaidi juu kuliko chini, au mikwaruzo inashika ukucha unapopitisha kidole, basi fundi wako ana haki na silinda ichongwe. Chukua pistoni kwanza ndipo uchonge, ili silinda ifuate pistoni uliyonayo mkononi. Hakikisha mchongaji amelainisha kingo za milango ya silinda, maana ukingo mkali huivunja ringi katika siku za kwanza, na mshale wa juu ya pistoni uelekee eksozi ili ncha za ringi zisipite kwenye mlango. Ikiwa nafasi ni nzuri na mikwaruzo ni ya juujuu, aluminiamu iliyopakazika ondoa kwa msasa wa maji, badilisha ringi peke yake, na uendelee kuitumia silinda ya mzee.

Kuhusu pampu, ukiipata nzima ningependa uirudishe, kwa sababu inaipa injini oili kulingana na kazi inayofanya, na kwa sababu ya ule mteremko. Usipoipata, mililita 40 kwa lita zitakutosha kwa miaka.

Ukikuta kweli jeti iliyomo ni ndogo kuliko ya kitabu, usiitupe. Ifunge kwenye kimfuko pamoja na bisibisi fupi, uandike juu yake "Lushoto", ukiweke chini ya kiti. Siku utakapopanda tena, simama Soni, uibadilishe ukiwa umepoza injini, na wakati wa kurudi simama hapohapo uweke ile ya Tanga kabla hujaanza kuteremka kwenda Mombo.